Deni la Mtoto Aliyeinuliwa



Wazee wetu wametuachia neno hili: Tenda wema, nenda zako. Maana yake, mwenye kutenda wema asisimame mlangoni akingoja kushukuriwa. Wazee hao hao wametuachia na neno la pili: Shukrani ya punda ni mateke. Maana yake, mtu aliyetendewa wema, kisha akamgeukia mfadhili wake kwa dharau, amejishusha katika hali ya mnyama asiye na akili. Neno la kwanza lamhusu mwenye kutoa. Neno la pili lamhusu mwenye kupokea. Na katikati ya maneno hayo mawili pana swali zito, nalo ndilo tunalotaka kulitazama leo.

Mtoto yatima, au mtoto aliyetupwa, au mtoto aliyepotezwa na vita, akiinuliwa na watu wengine, akalishwa, akavikwa, akapelekwa shuleni, je, ana deni? Na ikiwa analo, analo kwa nani, na atalilipa kwa namna gani?

Swali hili si la watu wa vitabu tu. Katika vijiji vyetu ni haba nyumba isiyokuwa na mtoto wa kulelewa. Huyu ni mwana wa dada aliyefariki. Yule alifika pamoja na wakimbizi, wala hakuna ajuaye ukoo wake. Mwingine yuko misioni, na karo yake yalipwa na watu wa mbali asiowajua hata kwa sura. Wengi wenu mnaojitayarisha kupokea Ubatizo mmelelewa hivyo, au mnalea hivyo. Kwa hiyo tusikilize kwa makini.

I. Majibu mawili yasiyotosha

Watu wengine husema: «Mtoto yule hana deni lolote kwa binadamu. Mungu ndiye aliyemlisha. Basi na amshukuru Mungu, yatosha.» Neno hili lina sura ya dini, lakini limepunguka. Kumbukeni wale wakoma kumi ambao Bwana wetu aliwaponya njiani. Wote walipata afya; mmoja tu alirudi, naye alikuwa Msamaria, mtu wa kabila lililodharauliwa. Yezu aliwauliza wale tisa wako wapi. Hakusema kwamba yatosha wamshukuru Mungu moyoni huko waliko. Mungu Baba apenda kutusaidia kwa mikono ya watu. Mama akimtuma mtoto wake alete maji kwa mgeni, mgeni humshukuru mama. Lakini akimpita yule mtoto aliyebeba mtungi bila hata kumtazama, tutasema kwamba hana adabu, wala mama mwenyewe hatafurahi.

Wengine husema kinyume: «Mtoto yule ana deni la maisha yake yote. Bila sisi angalikufa. Basi yeye ni wetu: atatulimia, atatii kila neno letu, ataoa yule tutakayemchagulia.» Neno hili nalo lina sura ya haki, lakini ndani yake mna sumu. Maana kama wema wangu wanipa umiliki juu ya mtu, basi mimi sikumwinua, bali nimemnunua kwa bei rahisi.

Majibu haya mawili yanafanana katika jambo moja: yote yanadhani kwamba deni la shukrani ni sawa na deni la sokoni. La kwanza laogopa deni hilo, hivyo lalikataa. La pili lalipenda, hivyo lalidai. Tutafute basi tofauti yake.

II. Jembe lililozama mtoni

Nikikopa mbuzi kwa jirani, nina deni la mbuzi. Siku nitakapompelekea mbuzi mwingine, deni limekwisha. Lakini tufikiri jambo lingine. Mtu amevuka mto na jembe lake, mkondo ukamnyang'anya. Jirani yake ameona. Anaingia majini, anapigwa na baridi, anapapasa katika matope mpaka amelipata. Kisha anamrudishia mwenyewe. Je, jirani huyu amempa jembe? La. Jembe lilikuwa la yule mtu tangu zamani. Alichompa ni taabu yake, saa zake, na moyo wake mwema. Kwa hayo astahili shukrani kubwa. Lakini akisema, «Tangu leo jembe hili ni langu, kwa kuwa mimi nililitoa mtoni», kila mzee barazani atamkatalia.

Ndivyo ilivyo kwa mtoto aliyeinuliwa. Kanisa latufundisha kwamba kila mtu ameumbwa kwa sura ya Mungu. Heshima yake, uhuru wake, akili yake, roho yake isiyokufa, hivyo vyote alizaliwa navyo. Njaa yaweza kuvizamisha, vita vyaweza kuvizamisha, ukatili wa watu waweza kuvizamisha. Lakini hakuna uwezao kuviondoa kwake vikawa vya mwingine. Amsaidiaye mtoto huyo amrudishia vilivyo vyake. Kwa sababu hiyo twasema kwamba kumwinua mtoto ni kurudisha, si kutoa zawadi tu. Naye mtoto ana deni la shukrani kwa ajili ya taabu iliyotumika juu yake. Nafsi yake si malipo ya deni hilo.

III. Katekumeni wa Venezia

Tumtazame sasa mtu mmoja ambaye maisha yake yatuonyesha jambo hili wazi. Jina lake ni Mtakatifu Yosefina Bakhita. Alizaliwa Darfur, katika nchi ya Sudani, karibu na mwaka 1869. Akiwa bado mtoto alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa, akauzwa mara nyingi, akapigwa na kutiwa majeraha mwilini. Kwa hofu kubwa akasahau hata jina alilopewa na wazazi wake. Bakhita ni jina alilopewa na watekaji, na maana yake ni mwenye bahati.

Baadaye alinunuliwa na balozi mdogo wa Italia huko Khartoum, mtu ambaye hakumpiga. Mwaka 1885 akafika Italia, akakaa katika nyumba ya watu wengine, akimlea binti yao mdogo. Katika nyumba hiyo alitendewa kwa upole, naye akampenda mtoto yule. Wakati mmoja bibi wa nyumba alisafiri, akamwacha Bakhita na binti yake kwa Masista Wakanosa mjini Venezia, katika nyumba walimofundishwa wakatekumeni. Huko Bakhita akamjua Mungu, ambaye moyo wake ulikuwa ukimtafuta tangu utotoni alipotazama jua na nyota na kujiuliza ni nani mwenye vitu hivyo.

Bibi aliporudi ili amchukue wasafiri pamoja kwenda Afrika, Bakhita alikataa. Alitaka kukaa, afundishwe, abatizwe. Bibi alikasirika, aliona kwamba huyu binti ni wake, na kwamba amekosa shukrani. Shauri likafika mbele ya wakuu. Tarehe 29 Novemba 1889 ikatolewa hukumu kwamba Bakhita ni mtu huru, kwa maana utumwa haukubaliwi na sheria ya Italia. Tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa. Baadaye akawa sista, akafa mjini Schio tarehe 8 Februari 1947. Na mwaka 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili akamtangaza kuwa mtakatifu.

Je, Bakhita alikosa shukrani? Kukataa kwake kulimwumiza yeye mwenyewe, maana hakumchukia bibi yule. Lakini alijua kwamba upole aliotendewa haukumpa mtu ruhusa ya kumzuilia njia ya Mungu. Aliweza kumpenda mfadhili wake, na papo hapo kumwambia hapana. Ndivyo hata Musa alivyofanya. Binti wa Farao alimtoa majini, akamlea kama mwanawe. Musa alipokuwa mtu mzima hakukaa katika jumba la Farao akitazama ndugu zake wakipigwa, kwa kisingizio kwamba amekula chakula cha nyumba ile. Shukrani haimlazimishi mtu kushiriki uovu, wala kuifunga dhamiri yake.

Tusisahau neno lingine: katika maisha ya Bakhita si vitu vyote vilivyorudishwa. Hakuwaona tena wazazi wake. Alama za majeraha alikuwa nazo mpaka kufa. Mfadhili mwenye busara hasemi kwa mtoto, «Nimekupa yote, sahau yaliyopita.» Yako mambo ambayo mkono wa mtu hauwezi kuyarudisha, nayo twamwachia Mungu mpaka siku ya ufufuko.

IV. Senti ya watoto wa mbali

Mtu ataniuliza: «Nitamshukuruje mfadhili nisiyemjua?» Hapa pana jambo linalotuhusu sisi wa kando ya Tanganyika.

Mwaka 1843 Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, katika nchi ya Ufaransa, alianzisha Shirika la Utoto Mtakatifu. Aliwataka watoto Wakristu watoe sou moja, yaani senti yao ndogo kabisa, kila mwezi, na kusali sala fupi kila siku kwa ajili ya watoto wa nchi za mbali waliokuwa katika hatari. Kwanza aliwakumbuka watoto wa China. Baadaye shirika lilienea ulimwenguni kote, na mwaka 1922 likawa Shirika la Kipapa. Mtoto maskini wa Nancy aliyetoa senti yake hakumwona kamwe yule aliyesaidiwa nayo.

Njaa kali na kipindupindu viliiangamiza nchi ya Aljeria, katika miaka 1867 na 1868. Askofu Mkuu wa Alger, Charles Lavigerie, aliwakusanya yatima zaidi ya elfu moja, akawaandikia Wakristu wa Ulaya akiwaomba msaada. Mwaka 1868 akaanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao tumezoea kuwaita Mapadri Weupe. Basi shirika lililoleta Injili katika nchi zetu, na kupokea kituo cha Mpala mwaka 1885, lilizaliwa karibu na kitanda cha yatima wenye njaa.

Miongoni mwa watoto waliosaidiwa na shirika hilo alikuwako Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Alitekwa angali mdogo, akavushwa jangwa la Sahara, na mwaka 1876 mapadri wakamkomboa kwa fedha huko Aljeria. Fedha hiyo ilitoka wapi? Mapadri hawakuwa na mgodi wa fedha. Kazi zao zilitegemea sadaka za Wakristu, na wengi wao walikuwa wakulima na vibarua. Atiman alifundishwa dini, kisha akasomea uganga katika kisiwa cha Malta. Mwanzoni mwa mwaka 1889 akafika Karema, ng'ambo ya mashariki ya ziwa letu, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Akawa mganga na katekista, akaoa huko huko, na mwanawe Joseph akapewa upadri mwaka 1923. Aliwatibu wagonjwa zaidi ya miaka sitini, mpaka alipofariki mwaka 1956.

Angalieni alivyolilipa deni lake. Hakurudi Ulaya kuzunguka nyumba kwa nyumba akitafuta waliotoa senti zao. Aliwalipa watu wa Karema, ambao hawakumpa hata senti moja. Homa ya mtoto wa mvuvi, kidonda cha mkulima, uchungu wa mama anayejifungua, huko ndiko shukrani yake ilikokwenda. Deni la sokoni hurudi nyuma kwa aliyekopesha. Deni la shukrani laweza kwenda mbele, kwa yule anayefuata njiani, wala aliyetoa kwanza hapati hasara.

V. Neno kwa wale wanaosaidia

Ukweli wapasa kusemwa wote. Fedha iliyomkomboa mtoto mmoja iliingia mkononi mwa mfanyabiashara wa watumwa, naye aliweza kuitumia kuteka mwingine. Kwa hiyo Lavigerie hakuridhika na kukomboa tu. Mwaka 1888, akiwa Kardinali, alikwenda Paris, London na Bruxelles kuwahimiza watu waikomeshe biashara yenyewe. Tena, katika misioni za kwanza kando ya ziwa, watoto waliokombolewa waliishi chini ya amri ya mapadri. Walipangiwa kazi na mahali pa kukaa, wala si kila mara waliulizwa wanataka nini. Twawashukuru waliowakomboa, na papo hapo twajifunza kwamba hata mkono mwema huweza kushika kwa nguvu mno.

Tujitazame basi na sisi. Yupo mtu anayemlea mtoto wa marehemu ndugu yake, naye asifiwa na kijiji kizima. Lakini alfajiri ni yatima huyo achotaye maji na kutwanga muhogo, wakati watoto wa nyumba wanavaa nguo za shule. Akikosa kidogo, aambiwa mbele ya wageni, «Kumbuka ni nani anayekupa bukari.» Bukari anayokula imekuwa kamba shingoni mwake. Na ugonjwa ukiingia katika nyumba, au kifo, huyo mtoto asiye na mtetezi ndiye wa kwanza kuitwa mchawi. Ndugu, hiyo ni dhambi nzito. Ni kosa pia mbele ya serikali: sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009, inayomlinda mtoto, yamwadhibu amsingiziaye mtoto uchawi.

Bwana wetu alifundisha kwamba mkono wa kushoto usijue utendalo mkono wa kulia. Ikiwa mkono wangu mwenyewe haupaswi kujua, sembuse kijiji kizima? Mlinde mtoto na aibu. Usimwite mbele ya watu ili waone wema wako. Mfundishe kushukuru, ndiyo, kama umfundishavyo kila mtoto adabu njema. Lakini mfundishe kwa mfano, wewe mwenyewe ukimwambia aksanti anapokuletea maji. Na ukimwona anasitawi, anapata akili, anachagua njia yake, usiseme, «Ananitoroka.» Ulilitafuta jembe majini ili mwenyewe alilimie shamba lake.

VI. Namna ya kushukuru

Yule aliyeinuliwa na afanye mambo matatu.

La kwanza, akumbuke. Mtu akisitawi huona haya kwa siku zake za njaa, akataka kuwaficha hata wale waliomsaidia. Kumbukumbu hiyo haimpunguzii heshima. Wakumbukeni waliowalea, wazima na marehemu. Watajeni katika sala za jioni, na waombeeni katika Misa takatifu. Mfadhili asiyejulikana kwetu ajulikana kwa Mungu, na sala humfikia pasipo barua.

La pili, aseme. Wako wanaodhani moyo watosha. Lakini mama mzee aliyemlea mjukuu wake kwa kuuza samaki hawezi kusoma yaliyomo moyoni. Mwambie ungali una nafasi. Mpelekee kuni. Keti naye. Akizeeka au akiugua, usimwache peke yake. Hilo ni la upendo, nalo halihesabiwi kama riba ya fedha.

La tatu, atende. Atazame ni nani sasa aliye katika matope ya mto. Asiseme, «Mimi ni maskini, wafadhili ni watu wa Ulaya.» Siku hizi hata watoto wa parokia zetu watoa sadaka yao ya Utoto Mtakatifu, na sehemu yake huenda kwa watoto wa nchi wasizozijua. Kristu hakupima sadaka kwa uzito wake. Alimsifu mjane wa senti mbili, na alisema kwamba hata kikombe cha maji baridi hakitakosa thawabu.

Nanyi wakatekumeni mna sababu ya pekee ya kuelewa mafundisho haya. Siku ya Ubatizo mtapokea kitu ambacho hamwezi kukilipa. Yezu alitukomboa kwa damu yake, wala hakutufanya watumwa: alituita rafiki, akatufanya wana wa Baba yake. Ambaye hakuna aliye na haki juu yetu kumpita, yeye ndiye aliyetuacha huru zaidi. Basi nani kati yetu atakayemshika mtoto maskini shingoni kwa sababu ya sahani ya bukari?

Maswali ya kujiuliza kabla ya Dominika

1. Ni nani aliyenilea, aliyenilipia shule, au aliyenifundisha sala, nami sijamwambia aksanti mpaka leo?

2. Katika nyumba yangu yumo mtoto wa kulelewa? Je, anakula, anasoma na kulala kama watoto wangu?

3. Nimewahi kumkumbusha mtu wema wangu ili afanye nitakalo mimi?

4. Ni mtoto gani kijijini petu asiye na mtetezi, nami nitamtendea nini wiki hii bila kumtangaza?

Mwenye kuona jina la mtu katika swali la kwanza, asingoje Dominika. Aende kwake leo, kabla jua halijachwa.